Mwanga, Kimeng'enya na Neno: Kupima Utendaji kwa Kiswahili



1. Utangulizi

Atokaye Kariakoo kwa miguu kuelekea katikati ya jiji la Dar es Salaam, akavipita viwanja vya Mnazi Mmoja, huingia katika kata ya Mchafukoge. Kwa mwanaisimu, safari hiyo fupi ni somo zima la uundaji wa maneno. Kariakoo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, likatiwa katika kinywa cha Mswahili, likavishwa irabu na kukaa kama mwenyeji. Mchafukoge, kinyume chake, limejengwa kwa matofali ya nyumbani. Kwa umbo lake linasomeka kama kauli kamili: "mchafu", kisha "koge", yaani kitenzi "koga" (ndicho "oga" cha Kiswahili Sanifu) katika dhamira tegemezi. Mchafu na akoge.

Majirani hawa wawili wanawakilisha njia mbili ambazo Kiswahili kimezitumia tangu zamani kupokea jambo jipya: ama kulikopa neno na kulitohoa, ama kulibuni kutokana na mizizi iliyopo. Katika sayansi ya uhai njia hizo zinakutana katika kitu kimoja, ambacho wengine hukiita "enzaimu", kwa njia ya Kariakoo, na wengine "kimeng'enya", kwa njia ya Mchafukoge.

Mhadhara huu unaeleza jinsi utendaji wa kimeng'enya unavyopimwa maabarani kwa kutumia mwanga. Mfano nitakaoutumia ni kimeng'enya cha seli nyekundu za damu kijulikanacho kwa kifupi kama G6PD, ambacho kina historia ndefu katika pwani yetu. Dai langu ni moja. Mwanga hauoneshi kimeng'enya. Unaonesha kazi yake. Kwa hiyo, lugha inayotangaza matokeo ya kipimo hicho inapaswa kuzungumzia kazi, wala si wingi. Tusipofanya hivyo, mgonjwa anaweza kutoka maabarani na karatasi sahihi mkononi lakini na maana isiyo sahihi kichwani.

2. Jina na mzigo wake

Kitenzi "meng'enya" kina maana ya kuvunjavunja kitu kuwa vipande vidogo vidogo. Kutokana nacho tunapata "mmeng'enyo", ile kazi ya tumbo na utumbo juu ya chakula. Ukikitia kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI, unapata "kimeng'enya": kitu kimeng'enyacho, kama vile "kipaza" katika kipaza sauti kilivyo kitu kipazacho. Kimofolojia, istilahi hii haina dosari. Imetokana na mzizi hai, inanyambulika, na mtoto wa shule ya msingi huielewa bila kutafsiriwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1990 ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, na ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilifanya kazi kubwa ya kuvipa vitu kama hivi majina ya Kiswahili.

Hata hivyo, kila jina hubeba mzigo wa asili yake. Aghalabu mwanafunzi hukutana na vimeng'enya kwa mara ya kwanza katika somo la mmeng'enyo wa chakula: kile cha mate kinachovunja wanga, kile cha tumbo kinachovunja protini. Hapo jina na kazi vinalingana. Lakini vimeng'enya vya mwili ni maelfu, na vingi havivunji chakula chochote. Viko vinavyojenga, viko vinavyounganisha, viko vinavyohamisha sehemu ya molekuli moja kwenda nyingine. Kinachovijumuisha vyote si kuvunja, bali kuharakisha. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia, na baada ya badiliko hilo hubaki kama kilivyokuwa, tayari kuanza tena. Molekuli moja inaweza kurudia kazi hiyo mamia au maelfu ya mara kwa sekunde moja.

G6PD ni mfano mzuri wa kimeng'enya kisichomeng'enya. Jina lake kamili ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojenezi. Kazi yake ni kuondoa haidrojeni kutoka kwenye sukari iliyofungwa na fosfeti na kuikabidhi kwa molekuli ndogo iitwayo NADP. NADP ikipokea mzigo huo hugeuka kuwa NADPH. Ndani ya seli nyekundu ya damu, NADPH ndiyo inayouwezesha mwili kuirejeshea nguvu glutathioni, ambayo ni kinga ya seli dhidi ya kemikali haribifu zenye oksijeni kali. Kwa lugha ya mtaani, G6PD ni kama mchukuzi asiyechoka anayepeleka maji kwa wazima moto. Akilegea, moto haudhibitiki, na seli hupasuka.

3. Mwanga kama shahidi

Basi mtu atapimaje kazi ya mchukuzi asiyeonekana? Katika tone moja la damu kuna vimeng'enya vya aina nyingi vilivyochanganyika, na G6PD ni sehemu ndogo sana ya mchanganyiko huo. Kukitenga na kukihesabu ni kazi ndefu na ya gharama. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wanasayansi walifuata hekima hiyohiyo: hawakukitafuta kimeng'enya, walitafuta alama inayoachwa na kazi yake.

Alama hiyo ilipatikana katika miaka ya 1930 nchini Ujerumani, katika maabara ya Otto Warburg, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Ilibainika kwamba NADPH hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, ilhali NADP haufyonzi mwanga huo. Molekuli hizi mbili zinatofautiana kwa mzigo mdogo tu wa haidrojeni, lakini mbele ya mwanga huo moja ni kiza na nyingine ni kioo. Kila mara G6PD inapofanya kazi yake mara moja, kioo kimoja kinageuka kuwa kiza. Ukiweza kupima jinsi kiza kinavyoongezeka, umepima kazi.

Hapa Kiswahili kinakabiliwa na jambo la kufikirisha. Mwanga wa nanomita 340 hauonekani kwa macho ya binadamu. Uko upande wa urujuanimno, nje kidogo ya mpaka wa rangi tuzionazo. Je, kisichoonekana kinaweza kuitwa mwanga? Katika matumizi ya kila siku, mwanga ni kile kinachotuwezesha kuona. Katika fizikia, mwanga ni wimbi, liwe linaonekana au halionekani. Lugha haina budi kuipanua maana ya neno lake, kama "mtandao" ulivyopanuka hadi mawasiliano ya dunia. Upanuzi wa namna hii si aibu kwa lugha. Ni dalili ya uhai wake.

Chombo kinachotumika huitwa spektrofotomita. Ndani yake mna taa, sehemu inayochagua urefu mmoja wa wimbi, kijichupa cha kioo maalumu kinachobeba mmumunyo, na jicho la kielektroniki upande wa pili. Chombo hulinganisha mwanga ulioingia na mwanga uliotoka, kisha hutoa namba iitwayo ufyonzaji. Ufyonzaji ukiwa 0, mwanga wote umepita. Ukiwa 1, imepita sehemu moja ya kumi. Ukiwa 2, imepita sehemu moja ya mia. Faida ya kipimo hiki ni kwamba, kwa mujibu wa kanuni inayobeba majina ya Beer na Lambert, ufyonzaji huongezeka sambamba na wingi wa molekuli zinazofyonza: molekuli zikiwa maradufu, ufyonzaji nao huwa maradufu.

Chombo hicho ni aminifu mno, na kwa sababu hiyo hakibagui. Hakijui tofauti kati ya NADPH na alama ya kidole kwenye ukuta wa kijichupa. Vumbi, tone la sabuni lisilosuuzwa na kiputo cha hewa vyote huzuia mwanga, na vyote husomwa kama ufyonzaji. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya maabara imekwisha kuandikwa katika jina la kata yetu: mchafu na akoge. Kijichupa husafishwa, hufutwa, hushikwa upande usiopitiwa na mwanga. Kisha hupimwa sampuli tupu, yaani mmumunyo wenye kila kitu isipokuwa kile kinachotafutwa, ili thamani yake iondolewe katika hesabu.

4. Kutoka mwanga hadi namba

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuione njia nzima. Mtaalamu wa maabara ameandaa mmumunyo wa mililita 1 wenye glukosi-6-fosfeti ya kutosha na NADP ya kutosha. Ameongeza damu kidogo iliyopasuliwa seli zake, yenye miligramu 2 za himoglobini. Ameweka kijichupa ndani ya chombo kilichodhibitiwa joto, na urefu wa njia ya mwanga ni sentimita 1. Mwanzoni ufyonzaji ni 0.200. Baada ya dakika 5 ni 0.511.

Ongezeko ni 0.311 kwa dakika 5, yaani 0.0622 kwa dakika. Inajulikana kwamba mmumunyo wenye milimoli 1 ya NADPH katika lita, kwa njia ya sentimita 1, una ufyonzaji wa 6.22. Tukigawa 0.0622 kwa 6.22 tunapata 0.010. Basi kila dakika imezalishwa milimoli 0.010 ya NADPH kwa lita, ambayo katika mililita 1 ni mikromoli 0.010. Kwa makubaliano ya kimataifa, utendaji unaozalisha mikromoli 1 kwa dakika huitwa uniti 1. Damu yetu ina uniti 0.010. Tukigawa kwa gramu 0.002 za himoglobini, tunapata uniti 5 kwa kila gramu ya himoglobini.

Sasa damu ya mtu wa pili inapimwa kwa namna ileile. Ufyonzaji unaanza 0.200, na baada ya dakika 5 ni 0.231 tu. Hesabu ileile inatupa uniti 0.5 kwa gramu: sehemu moja ya kumi ya mtu wa kwanza.

Natumaini msikilizaji ameona kilichotokea. Hakuna mahali popote katika hesabu hii tulipohesabu molekuli za kimeng'enya. Tulichokipata ni kasi: kiasi cha zao kwa muda. Watu wawili wanaweza kuwa na idadi sawa ya molekuli za G6PD lakini kasi tofauti, kwa kuwa za mmoja ni dhaifu. Pia damu ya mtu yuleyule hutoa kasi tofauti katika joto tofauti, kwa kuwa kimeng'enya huenda upesi zaidi kadiri joto linavyopanda, hadi kufikia mahali ambapo protini yenyewe huanza kuharibika. Ndiyo sababu maabara makini hutaja joto lililotumika, na haiuachi mchana wa Januari wa Dar es Salaam uamue.

Uko mtego mwingine. Zao la kazi ya G6PD hupokewa na kimeng'enya cha pili ndani ya damu ileile, nacho huzalisha NADPH nyingine. Mwanga, kwa kutojua nani kafanya nini, huzihesabu zote. Kwa sababu hii maabara huizuia hatua ya pili, au huipima peke yake na kuitoa, au huikubali mradi kila damu ipimwe kwa njia moja na ilinganishwe na damu za watu wazima wa mahali hapo. Kipimo chochote cha utendaji ni ulinganisho.

5. Damu, dawa na pwani yetu

Mwaka 1897 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa amekwisha kugundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Dar es Salaam na kufanya utafiti wa malaria na magonjwa mengine hadi mwaka 1898. Miongoni mwa yaliyomshughulisha ni homa ya mkojo mweusi, hali ambayo seli nyekundu hupasuka kwa wingi na himoglobini humwagika katika mkojo. Koch alifikia maoni kwamba chanzo chake ni sumu ya kwinini, dawa iliyokuwa ikitumiwa kutibu malaria. Maoni yake yalipingwa na wengi, na hadi leo mchango wa kwinini, wa malaria yenyewe na wa maumbile ya mgonjwa unajadiliwa. Lakini swali lake lilikuwa zuri: kwa nini dawa ileile imponye mmoja na impasue damu mwingine?

Jibu la sehemu ya swali hilo lilipatikana mbali na hapa. Katika miaka ya 1950 dawa iitwayo primakwini ilijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, nchini Marekani, katika majaribio ambayo maadili yake yamehojiwa sana baadaye. Baadhi yao walipasuka seli nyekundu baada ya kuimeza. Mwaka 1956 Paul Carson, Alf Alving na wenzao walitangaza kwamba watu hao walikuwa na utendaji hafifu wa G6PD. Mwaka 1961 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, na David Clyde, mtaalamu wa malaria wa Tanganyika, walichapisha uchunguzi wa watoto wa Kiafrika ulioonesha kwamba wenye hali hiyo walielekea kuwa na vimelea vichache vya malaria katika damu. Udhaifu ule uliohatarisha mtu mbele ya dawa ulielekea kumlinda mbele ya ugonjwa. Hii ndiyo sababu umeenea katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, zikiwamo za pwani ya Afrika Mashariki na Omani.

Somo hilo lilijirudia katika karne hii. Dawa mseto ya malaria yenye kloroproguanili na dapsoni, iliyoidhinishwa mwaka 2003 kwa matumaini makubwa ya kuwasaidia Waafrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonesha kwamba watu wenye utendaji hafifu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiwango cha hatari. Kwa upande mwingine, mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo ya uzito, ili kuzuia uambukizaji wa malaria ya falsiparamu, bila kulazimisha kipimo cha G6PD. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kiasi. Primakwini ya siku nyingi, inayotolewa kwa malaria ya vivaksi, bado inahitaji kipimo.

6. Njia nyingine mbili za mwanga

Spektrofotomita inataka umeme wa uhakika, vitendanishi vilivyohifadhiwa katika baridi na mkono uliozoea. Si kila zahanati ina vitu hivyo. Katika miaka ya 1960 Ernest Beutler wa Marekani alitumia tabia ya pili ya NADPH: ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, haiishii kuufyonza, bali huurudisha kama mng'ao wa rangi ya samawati unaoonekana kwa macho. Tone la damu huchanganywa na vitendanishi, hudondoshwa kwenye karatasi, hukaushwa na kumulikwa gizani. Doa likingʼaa, G6PD inafanya kazi. Doa likibaki jeusi, haifanyi.

Njia hii ni rahisi na imeokoa watu wengi, lakini hujibu kwa ndiyo au hapana tu. Maumbile si hivyo. Jeni ya G6PD iko katika kromosomu X. Mwanamume ana X moja, hivyo huwa wa upande huu au ule. Mwanamke ana mbili, na katika kila seli moja kati ya hizo hunyamazishwa. Mwanamke aliyerithi jeni dhaifu upande mmoja huwa na damu iliyochanganyika, seli zenye nguvu na seli dhaifu, na utendaji wake hupatikana katikati. Doa lake hung'aa, naye huambiwa yuko salama, ilhali sehemu ya seli zake inaweza kupasuka. Kwa ajili yake namba ni ya lazima. Siku hizi viko vyombo vidogo vya kushikwa mkononi vinavyosoma rangi inayotokana na NADPH katika tone la damu ya kidole na kutoa namba hiyo kwa dakika chache.

Njia ya tatu haihitaji taa kabisa. Kiswahili kina jina zuri la mdudu wa usiku, kimulimuli, kutokana na "mulika". Wengine humwita kimetameta. Mwanga wake huzalishwa na kimeng'enya kiitwacho lusiferezi, kinapokutana na ATP, ambayo ni sarafu ya nishati ya kila kilicho hai. Maabara hutumia kimeng'enya hiki kupima usafi: kitambaa hupanguswa juu ya meza, hutiwa lusiferezi, na mwanga unaotoka husomwa na chombo. Kadiri mabaki ya viumbe na chakula yanavyokuwa mengi, ndivyo mwanga unavyozidi. Kimulimuli, kwa maneno mengine, anaweza kumwambia mchafu akoge.

Kufyonza, kung'aa, kumulika: vitenzi vitatu vya Kiswahili vinazitenga njia tatu za upimaji bila kuhitaji msaada wa lugha nyingine. Cha kwanza huchukua mwanga, cha pili huurudisha kwa rangi nyingine, cha tatu huuzalisha. Utajiri huu tulikuwa nao kabla ya maabara.

7. Lugha ya majibu

Tatizo linaanza pale matokeo yanapoandikwa. Kauli iliyozoeleka ni "upungufu wa kimeng'enya cha G6PD". Tulitazame kila neno kwa sikio la mama aliyempeleka mwanawe kupimwa.

Kwanza, "upungufu". Katika Kiswahili cha kila siku, kilichopungua huongezwa. Mwenye upungufu wa damu huambiwa ale maini, mboga za majani na vidonge vya madini ya chuma. Mama akisikia "upungufu", atauliza anunue nini sokoni ili aongeze. Swali lake ni la mantiki kabisa. Ni neno letu lililomwelekeza huko. Pili, "kimeng'enya". Neno hili litampeleka tumboni, kwenye chakula kisichosagika. Atadhani mwanawe ana tatizo la kula.

Ukweli uko mbali na yote mawili. Hakuna chakula kinachoongeza G6PD. Hata kama mtu angeila G6PD yenyewe, tumbo lingeimeng'enya kama protini nyingine yoyote; kimeng'enya kingemeng'enywa. Tena, katika aina iliyoenea zaidi Afrika, seli changa hutengenezewa kimeng'enya kinachotosha. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho huchakaa upesi kuliko kawaida, na seli nyekundu, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine katika siku zake takriban 120 za uhai. Ndiyo maana kipimo kinachofanywa mara tu baada ya seli kupasuka kinaweza kudanganya: zilizokuwa dhaifu zimekwisha kufa, zilizobaki ni changa, na namba huonekana njema. Kipimo hicho hurudiwa baada ya wiki kadhaa.

Wala dawa ya hali hii si kuongeza, bali ni kuepuka: primakwini ya siku nyingi bila usimamizi wa daktari, dapsoni, na vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa katika nguo kuzuia wadudu, ambavyo ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Mwenye hali hii akiepuka hayo huishi maisha yake kama wengine. Neno moja lisilofaa, basi, humgeuza mtu anayepaswa kuepuka akawa mtu anayetafuta cha kuongeza.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, tutofautishe kwa uthabiti istilahi tatu: "wingi" kwa idadi ya molekuli, "kasi" kwa badiliko linalosomwa na mwanga kwa dakika, na "utendaji" kwa kasi iliyokwisha kulinganishwa na kipimo cha damu. La pili, badala ya "upungufu wa kimeng'enya" tuandike "utendaji hafifu wa G6PD". Uhafifu hauongezwi kwa chakula. Mtu hujihadhari nao. La tatu, karatasi ya majibu iwe na sentensi moja kamili ya Kiswahili, kwa mfano: "Seli zako nyekundu hazijikingi vyema dhidi ya baadhi ya dawa, kabla ya kumeza dawa yoyote, mwoneshe mhudumu karatasi hii."

Sisemi kwamba neno "kimeng'enya" litupwe. Limekaa vitabuni na vinywani, na maneno hayaondolewi kwa amri. Watu wa Mchafukoge hawaogi kila wanapolitamka jina la kata yao. Jina limekwisha kuachana na maana ya vipande vyake. "Kimeng'enya" nalo litaachana na tumbo, iwapo walimu watalitumia kwa vimeng'enya vinavyojenga na kukinga kama wanavyolitumia kwa vinavyovunja. Hadi siku hiyo, anayezungumza na mgonjwa ana wajibu wa kuongeza sentensi moja ya ufafanuzi.

8. Hitimisho

Nimeeleza kwamba kipimo cha utendaji wa kimeng'enya kwa mwanga ni kipimo cha alama, si cha kitu chenyewe. Kwamba alama hiyo ni kiza kinachoongezeka katika nanomita 340, au mng'ao juu ya karatasi, au mwanga wa kimulimuli. Na kwamba usahihi wake hutegemea usafi, joto na ulinganisho. Nimeeleza pia kwamba safari ya kipimo haiishii kwenye namba. Baada ya mwanga kutoka katika kijichupa na kuwa tarakimu, tarakimu hiyo haina budi kuwa neno, na neno hilo kuwa tendo la mtu nyumbani kwake.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwetu sisi wanafunzi wa lugha. Fundi wa maabara hukisafisha kijichupa ili mwanga usipotoshwe. Istilahi nayo ni kijichupa: maana hupita ndani yake. Ikiwa na doa, kila kilicho upande wa pili husomwa vibaya, hata kama chombo ni kizuri na mkono ni hodari.